Kukusanya na kuchambua mahitaji ya mfumo mpya wa kompyuta: mwongozo kamili

Mara nyingi kazi huanza kwa kauli moja ya mwenyekiti: "Tunataka mfumo." Bodi imesikia kwamba ushirika jirani una kompyuta, mfadhili amegusia fedha, na mtengenezaji wa programu ameshaleta bei. Kinachokosekana ni maelezo: mfumo huo utafanya nini, utamfanyia nani, na tutajuaje kwamba unafanya. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyapata maelezo hayo kabla shilingi haijatoka.

Mfano tutakaotumia ni ushirika wa maziwa wa kubuni wilayani Kiruhura, Uganda. Una wanachama 400 na vituo vitatu vya kukusanyia maziwa. Hulipa wakulima kila baada ya wiki mbili na kuwakata mikopo na dawa za kupe. Mwenye Sacco, zahanati au shule abadilishe majina ya vitu. Kazi ni ile ile. Kwa ushirika wa kiasi hiki, tenga wiki nne hadi sita na watu wawili. Ukiambiwa imalizike kwa wiki moja, jua kwamba sehemu iliyobaki itafanyika baadaye, wakati kila badiliko linamaanisha kubomoa kilichokwisha kujengwa.

Hatua ya 1: Tatizo kwenye ukurasa mmoja

Andika kinachouma, kinamuuma nani, na kinagharimu nini. "Hatuna mfumo" si tatizo. "Malipo ya tarehe 15 hutoka tarehe 21 kwa sababu mhasibu anajumlisha madaftari ya vituo vitatu kwa mkono" ni tatizo, na tayari lina kipimo ndani yake. Matatizo matatu yanatosha. Yakizidi matano, bodi haijaamua inataka nini.

Chini yake piga mstari, kisha orodhesha mambo ambayo mfumo hautafanya: hautafuatilia chanjo za ng'ombe, hautahesabu mishahara ya wafanyakazi, hautauza dawa kwa wasio wanachama. Watu huiruka orodha hii kwa sababu inaonekana kama utovu wa adabu mbele ya bodi. Iandike hivyo hivyo. Mwenyekiti na meneja watie sahihi ukurasa mzima.

Hatua ya 2: Nani aulizwe

Anza na majina yanayokuja yenyewe: meneja, mhasibu, wapokeaji maziwa wa vituo vyote vitatu, wakulima wenyewe. Kisha fuata keni ya maziwa kutoka zizini hadi pesa zinapoingia kwenye simu ya mkulima, na kila anayeigusa au kuiandika aingie kwenye orodha. Hapo ndipo anapojitokeza kijana wa bodaboda anayebeba keni za wakulima sita kwa safari moja, muuza dawa wa duka la ushirika, kampuni inayonunua maziwa, afisa biashara wa wilaya anayesimamia vyama vya ushirika, na mkaguzi wa hesabu anayekuja mara moja kwa mwaka.

Kwa kila mmoja andika mambo mawili: atapata nini mfumo ukija, na atapoteza nini. Mtu ambaye daftari lenye giza linamfaa hatasema hapana kikaoni. Atakubali kila kitu, kisha kompyuta "itaharibika" kila wiki. Ukimjua mapema, utajua pia ni wapi mfumo unahitaji kumbukumbu ya nani amebadilisha nini na saa ngapi.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi kabla ya kukusanya maoni

Hapa ndipo penye mali, na ndipo watu wengi wanapopita mbio. Omba nakala ya kila karatasi inayotumika: daftari la mapokezi, kadi ya mkulima, leja ya mikopo, stakabadhi za duka, orodha ya malipo, hati ya kupeleka maziwa kwa mnunuzi. Kwa kila aina chukua nakala tatu zilizojazwa, na moja iwe ya siku mbaya: siku tanki lilipojaa, umeme ulipokatika, au maziwa yalipokataliwa. Fomu tupu haikuambii lolote.

Fungua ukurasa mmoja wa daftari la mapokezi. Safu zake ni namba, jina, asubuhi, jioni, jumla, sahihi. Mtengenezaji wa haraka atazichukua hizo sita na kuzigeuza kuwa skrini. Sasa soma pembezoni. Kando ya mstari mmoja kuna "5 zimerudi". Kando ya mwingine, "ni ya mama yake". Chini ya ukurasa, jumla imekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa upya bila sahihi.

Maandishi hayo ya pembeni ni mahitaji ambayo hakuna atakayekutajia kwa mdomo. La kwanza linasema mfumo lazima uandike maziwa yaliyokataliwa, kiasi chake na sababu yake, maana mkulima atakuja kuuliza. La pili linasema mtu mmoja anaweza kuleta maziwa kwa namba ya mwingine, kwa hiyo "aliyeleta" na "anayelipwa" ni vitu viwili tofauti. La tatu linasema kuna masahihisho, na leo hayana mwenyewe.

Kagua vipimo pia. Daftari linasema lita, lakini ukienda kituoni unaweza kukuta mizani inayosoma kilo. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03. Kilo 5,000 zikiandikwa kama lita 5,000, tanki litaonyesha lita 4,850 hivi, na mpokeaji ataitwa mwizi wa lita 150 ambazo hazikuwahi kuwapo. Hitaji linalotokana na hapo: mfumo uhifadhi namba iliyosomwa pamoja na kipimo chake, na ubadilishaji ufanyike mahali pamoja tu.

Hatua ya 4: Simama kituoni

Fika kabla ya keni ya kwanza, ubaki hadi ya mwisho, asubuhi mbili tofauti. Mojawapo iwe siku ya malipo au siku ya mnada, maana watu huja kwa mpangilio mwingine. Usisaidie kazi. Shika saa na daftari.

Tuseme wakulima 120 wanahudumiwa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Hiyo ni dakika moja kwa kila mmoja, na ndani ya dakika hiyo kuna kunusa, kipimo cha alkoholi cha kujua kama maziwa yameanza kuchacha, wakati mwingine laktomita (kifaa cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji), kupima na kumimina. Kuandika kumebakiwa na sekunde 15 hivi. Basi umepata hitaji halisi la kasi: mpokeaji amalize kuingiza maziwa ya mkulima mmoja ndani ya sekunde 15. Ukiandika tu "mfumo uwe wa haraka", mtengenezaji atakuletea skrini ya sekunde 40, foleni itafika barabarani, na kufikia siku ya tatu watu watakuwa wamerudi kwenye karatasi.

Tazama mikono. Imelowa maziwa na maji, na kioo cha simu hakisomi vizuri kidole kilicholowa. Labda kifaa chenye vitufe vya kubonyeza kinafaa zaidi, au mtu wa pili wa kuandika. Tazama pia mahali soketi ilipo, jenereta inawashwa kwa ajili ya nini (mara nyingi kwa tanki la kupozea peke yake), na simu inashika mtandao upande gani wa jengo.

Uliza mtandao ukikatika hukaa muda gani. Mnamo Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na ng'ombe waliendelea kukamuliwa. Kwa hiyo "mfumo ufanye kazi bila mtandao" ni nusu ya hitaji. Taja muda: mapokezi yaendelee bila mtandao kwa siku saba, na kumbukumbu zijipeleke zenyewe mtandao ukirudi, bila kujirudia.

Hatua ya 5: Mahojiano

Sasa unajua cha kuuliza. Nendeni wawili, mmoja aulize na mwingine aandike, na msizidi saa moja kwa mtu mmoja. Mhoji mpokeaji mbali na meneja wake. Mbele ya mkubwa kila kitu huwa "kinakwenda vizuri". Kiruhura wengi watajieleza vizuri zaidi kwa Kinyankole. Ukihitaji mkalimani, asiwe meneja wala ndugu yake. Salamu zisikatwe, na mzee aachwe amalize hata akizunguka mbali, kwa kuwa katika mzunguko huo mara nyingi ndimo anapotaja lile jambo la mwaka juzi lililovuruga malipo.

Usianze na "Unataka mfumo ufanye nini?" Atataja alichokiona kwenye simu ya mtoto wake. Anza na jambo lililotokea: "Mzee, nionyeshe malipo ya mwisho yalivyofanyika, tangu ulipofungua daftari." Kisha chimba kwa maswali ya namna hii:

- Mara ya mwisho hesabu ilipokataa, ilikuwa wapi, na mliimaliza vipi?
- Mkulima akisema "mmenikata zaidi", unafungua kitabu gani kwanza?
- Ni kazi gani inayosimama kabisa usipokuwapo?
- Nani anaruhusiwa kufuta alichoandika mwingine?
- Ripoti hii inasomwa na nani, na akishaisoma anafanya nini?

Swali la mwisho hufuta ripoti nyingi. Ikiwa hakuna anayefanya chochote baada ya kuisoma, usiijenge.

Andika majibu kwa maneno ya msemaji mwenyewe, na jioni hiyo hiyo yageuze kuwa orodha. Ukisubiri siku tatu utabaki na maoni yako. Dodoso lina nafasi ndogo hapa; litumie kuhesabu tu: wangapi wana simu janja, wangapi wana simu ya vitufe, laini zao ni za kampuni gani.

Majibu yakigongana, usiamue wewe. Mhasibu anasema kipindi cha malipo hufungwa tarehe 14. Mpokeaji anasema maziwa ya jioni ya tarehe 14 huandikwa ukurasa wa tarehe 15. Wote wanasema kweli, ndiyo maana hesabu hugongana kila kipindi. Waite meza moja, weka madaftari yote mawili wazi, na msiondoke bila saa kamili ya kufunga.

Hatua ya 6: Andika kila hitaji ili liweze kupimwa

Kiwango cha kimataifa cha kazi hii ni ISO/IEC/IEEE 29148, toleo la 2018, kilichochukua nafasi ya IEEE 830 ya 1998. Huhitaji kukinunua ili ufuate kiini chake: hitaji liwe la lazima, lenye maana moja tu, lihusu jambo moja, liwezekane, na liweze kuthibitishwa. Kwa kila hitaji weka namba, kauli, sababu, chanzo, na jinsi litakavyopimwa. Kwa mfano:

*M-014. Mpokeaji ataweza kuandika maziwa yaliyokataliwa kwa kuchagua sababu moja kati ya: alkoholi, laktomita, harufu, uchafu. Sababu: wakulima hulalamika siku ya malipo. Chanzo: daftari la kituo cha pili, mahojiano na wapokeaji wawili. Kipimo: ingiza lita 5 zilizokataliwa, jumla ya malipo isibadilike, na taarifa ya mkulima ionyeshe lita 5 na sababu yake.*

Tenga mafungu. Mahitaji ya kiutendaji ni yale mfumo unayoyafanya. Mahitaji ya ubora ni kasi, usalama, kudumu bila umeme. Kanuni za biashara ni za ushirika wenyewe, kama bei ya lita. Masharti ni yale yanayotoka nje ambayo hayana mjadala, na kwa Uganda kuna machache yanayowaangusha watu mara kwa mara.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, pamoja na kanuni zake za 2021, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajiandikishe kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na akusanye kile tu anachokihitaji. Uliza seva, yaani kompyuta itakayohifadhi taarifa hizo, itakaa nchi gani. Ikiwa ni nje ya Uganda, sheria inataka nchi hiyo iwe na ulinzi usiopungua wa hapa, au mwenye taarifa awe ameridhia.

Namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, ina herufi na tarakimu 14. Kisanduku kinachopokea tarakimu tupu kitaikataa. Namba za simu zihifadhiwe kama maandishi: 256 ikifuatiwa na tarakimu tisa. Zikiandikwa kwa kuanza na sifuri na kupitishwa kwenye Excel kama hesabu, sifuri hiyo hupotea. Tena laini ya MTN au Airtel anayoitumia mkulima huenda imesajiliwa kwa jina la mwanawe, hivyo weka hitaji la kulinganisha jina la laini na jina la mwanachama kabla pesa hazijatoka, na fomu ya kukubali tofauti hiyo.

Kodi na tozo zisifungwe ndani ya programu. Mwaka 2018 kodi ya pesa za simu ilianza kwa asilimia 1, na mwaka huo huo ikashushwa kuwa asilimia 0.5 ya pesa zinazotolewa. Mfumo uliohitaji kumwita mtengenezaji kila kiwango kinapobadilika ungelipa gharama hiyo mara mbili ndani ya miezi michache. Hitaji liwe: mhasibu abadilishe kiwango mwenyewe, kwa tarehe ya kuanza, na malipo ya zamani yabaki na kiwango chake. Kama ushirika umesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), uliza pia jinsi ankara zitakavyounganishwa na EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA.

Hatua ya 7: Chambua

Kukusanya kumekupa rundo. Uchambuzi unatafuta kilichopungua na kinachogongana. Zana tatu zinatosha.

Ya kwanza ni jedwali la vitu na vitendo. Orodhesha kila kitu kinachohifadhiwa: mwanachama, mapokezi, mkopo, ununuzi wa dawa, malipo. Kwa kila kimoja uliza nani anakianzisha, nani anakiona, nani anakibadilisha, nani anakiondoa. Kisanduku kitakachobaki tupu ni hitaji lililosahauliwa. Mara nyingi ni kusahihisha: kila mtu ameeleza jinsi ya kuandika lita 18, hakuna aliyeeleza kinachofanyika zikiandikwa 81. Na mwanachama akifariki, akiba yake inahamia kwa nani, kwa karatasi gani?

Ya pili ni mchoro wa hatua za kitu kimoja. Mapokezi huwa yameandikwa, yamesahihishwa, yamefungwa, yamelipwa. Chora mishale na andika juu ya kila mshale nani anaruhusiwa. Je, kuna mshale unaorudi kutoka "yamefungwa" hadi "yamesahihishwa"? Mhasibu atasema hakuna. Mwoneshe ile jumla ya kalamu nyekundu.

Ya tatu, na yenye faida kuliko zote mahali penye pesa, ni jedwali la maamuzi. Chukua mkulima aliyepata shilingi 180,000. Anadaiwa mkopo 120,000, dawa 90,000, na akiba ya lazima 10,000, jumla 220,000. Zimezidi kwa 40,000. Kipi kinakatwa kwanza? Anabakiwa na kitu cha kupeleka nyumbani? Kisicholipwa kinahamia kipindi kijacho, na kwa riba au bila riba? Leo mhasibu huamua kwa kumtazama mtu usoni. Kompyuta haina macho hayo. Weka masharti matatu ya ndiyo au hapana: ana mkopo, ana deni la dawa, makato yanazidi mapato. Unapata mistari minane; ifute isiyowezekana, na kila unaobaki bodi iujibu kwa maandishi. Usikubali jibu la "itategemea" bila kuandika inategemea nini.

Hatua ya 8: Panga kipaumbele

Njia ya MoSCoW, iliyobuniwa na Dai Clegg mwaka 1994, inagawa mahitaji mafungu manne: lazima, inafaa, ingependeza, si awamu hii. Mkiachiwa huru mtaweka yote kwenye lazima. Dawa yake ni swali moja kwa kila hitaji: bila hili, malipo ya kwanza yatatoka? Yakitoka, si lazima. Mahitaji ya fungu la lazima yasichukue zaidi ya asilimia 60 ya kazi yote, ili mambo yakichelewa kuwe na cha kuacha.

Hatua ya 9: Jaribu kwenye karatasi, kisha saini

Chora skrini kwa mkono, moja kwa kila karatasi. Chukua ule ukurasa wa siku mbaya, mpe mpokeaji karatasi zako na kalamu, akipitishe kila kisa mstari kwa mstari kama anaingiza kwenye kompyuta. Usimwelekeze. Anapokwama na kuuliza "hii niiweke wapi?", umepata pengo kwa gharama ya karatasi moja. Rudia kwa mhasibu kwa kipindi kizima cha malipo cha wanachama kumi. Jumla ilingane na iliyolipwa, au ieleweke kwa nini hailingani.

Waraka usitumwe tu kwa baruapepe kusubiri sahihi. Usomwe kikaoni kwa sauti, hitaji kwa hitaji, mbele ya bodi na wapokeaji. Utachukua nusu siku. Kila hitaji la lazima lipate mtu mmoja mwenye jina atakayesema siku ya makabidhiano kwamba limetimia, na kipimo chake kiingie kwenye mkataba wa mtengenezaji, sehemu ya malipo.

Baada ya sahihi, maombi mapya hayatakoma. Fungua orodha ya mabadiliko yenye safu tano: tarehe, aliyeomba, anachotaka, kitaongeza siku na fedha ngapi, uamuzi. Ombi la mwenyekiti lililokuja kwa WhatsApp saa tatu usiku linaandikwa humo kama la mpokeaji, na mtengenezaji haligusi kabla ya safu ya tano kujazwa.